Hukuanguka Darasa la Nne

Naliaka, mama,

Sina haja ya kukuuliza kama u mzima. Dakika kumi hazijapita tangu utoke hapa ukilalamika kwamba sweta ya shule imeshonewa mtu mwenye mikono ya twiga. Umeenda na shangazi yako katika soko la mji wa Kwanza kutafuta kufuli na rangi ya viatu, na kwa ninavyomjua dada yangu na salamu zake, hamtarudi kabla ya saa kumi na moja. Nina muda wa kutosha kuandika. Kama ningekuwa na ujasiri wa kutosha, nisingehitaji kalamu.

Sitakuambia jinsi ya kukunja neti wala kwamba usitembee na viatu vya kuazima. Hayo shangazi yako amekuhubiria tangu Krismasi, na kesho atakuhubiria tena njia nzima hadi Bungoma, maana yeye ndiye anayekupeleka. Mimi kesho nafungua shule. Mwalimu hupokea watoto wa watu siku ambayo wake anapokelewa na watu wengine. Kazi yetu ndivyo ilivyo, na leo sijaipenda hata kidogo.

Nakuandikia kwa sababu mdomo umenishinda. Nimefundisha miaka ishirini na minne. Darasa la watoto themanini nalinyamazisha kwa kukohoa tu. Lakini jana jioni, ulipokuwa unapepeta maharagwe, nilikuja nikasimama karibu nawe nikiwa nimejipanga vizuri, maneno yote yako tayari, nikaishia kukuuliza kama umefua soksi. Ukaniangalia. "Baba, si umeniuliza hiyo mara tatu?" Nikacheka, nikaenda kufunga kuku ambao walikuwa wamefungwa tayari.

Basi jambo lenyewe ni hili, nami silizungushi. Hukuanguka darasa la nne. Ulipita. Mwalimu Ndiema, mkuu wetu wakati ule, hakukurudisha. Aliyekurudisha ni mimi.

Kama unataka kuiweka barua chini hapa, iweke. Nitaelewa. Lakini ukiweza, endelea, kwa sababu nataka ujue ilivyokuwa na kwa nini siwezi kukuacha uondoke hujui.

Mwaka jana mlipokuwa mnachagua shule na njia za masomo, ulileta fomu hapa mezani. Nilikuuliza, "Na sayansi je?" Ukacheka kile kicheko chako cha puani, ukamtaja mwenzako wa dawati la zamani. "Baba, sayansi ni ya kina Chebet. Mimi si ni wa kurudishwa?" Ukajaza sayansi za jamii, ukauliza kama kuna chai, ukaenda zako. Mimi nilitoka nje, nikasimama nyuma ya ghala la mahindi kwa muda mrefu. Miaka sita mtoto wangu alikuwa ametembea na jina hilo la kurudishwa nililompa mimi, si lile la bibi yake, na hakulalamika hata siku moja. Alikuwa amelikubali tu.

Nisikilize vizuri hapa. Njia uliyochagua si duni. Nchi hii ingekuwa na watu wengi zaidi wanaoijua historia yake, makosa yale yale yasingeturudia kila baada ya miaka mitano. Kama umeichagua kwa kuipenda, nenda nayo, na ole wake atakayekucheka. Lakini kama umeichagua kwa sababu ya uongo wangu, basi huo uongo bado unakufanyia kazi, na kesho utaingia nao langoni. Nimesikia kwamba mkifika kuna muda mfupi wa kubadilisha, shule ikikubali na nafasi zikiwepo. Sikuambii ubadilishe. Nimekwisha kukuamulia mara moja, na ona tulipofika. Ninachotaka ni uamue ukiwa na ukweli mkononi.

Unajua nilisoma Webuye, babu yako alipokuwa akifanya kazi katika kiwanda cha karatasi. Ambacho hujui ni kwamba mwalimu wetu mkuu alikuwa na desturi ya kusoma matokeo mbele ya shule nzima, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Aliyesomwa jina alitoka kwenye mstari akaenda kusimama upande wa pili, na shule ikapiga makofi. Kadiri majina yalivyoshuka, makofi yalipungua. Muhula wa pili wa darasa la sita nilibaki mstarini peke yangu. Nilikuwa nimelazwa wiki tatu na malaria, nikarudi siku mbili kabla ya mtihani. Hakuna aliyeuliza. Mwalimu mkuu alisema, "Na huyu aliyebaki mnamjua," bila hata kunitaja. Walicheka, Naliaka. Hata rafiki zangu walicheka, na ningekuwa mimi upande ule ningecheka pia.

Niliapa kwamba sitakuwa wa mwisho tena. Kiapo hicho sikukiacha nilipokua. Nilikuja nacho Trans-Nzoia, nikaingia nacho darasani, na kwa miaka mingi watu wakakiita bidii.

Hukumbuki jinsi shule yetu ilivyosifiwa enzi za mtihani wa darasa la nane. Wazazi walinibeba juu juu uwanjani, nikapewa blanketi na jogoo. Kilichotubeba ni hesabu niliyofundisha, ndiyo, lakini pia kulikuwa na orodha. Kila Novemba tulikaa ofisini tukaandika majina ya "wa kubaki", yaani watoto ambao wangefika darasa la nane na kuharibu wastani wa shule. Serikali ilikataza kurudisha watoto, na sisi sote tulijua, kwa hiyo tuliandika kwa penseli. Halafu mzazi aliitwa. Mara nyingi mimi ndiye niliyetumwa kuzungumza naye, kwa sababu nina ulimi mtamu. Nilisema, "Mama, mtoto bado ni mchanga. Wacha akomae kidogo." Mzazi ametoka shambani, gambuti zina matope, ananiamini kwa kuwa nina tai shingoni. Walinishukuru. Wengine waliniletea mayai.

Mwaka ule mama yako alitutoka mwezi wa tano. Sihitaji kukueleza. Ninachotaka kukiri ni kwamba sikukuona. Nilikuona ukila, nilikuona umevaa sare, nilikuona umefanya kazi ya nyumbani, nikaridhika. Usiku ulikuwa unalala na leso yake, nami nilijifanya sijui, kwa sababu ningejua ningelazimika kulia mbele yako. Mwisho wa mwaka ulikuwa wa thelathini na moja kati ya sabini na wanne. Zamani ulikuwa hutoki kumi bora. Matokeo yalibandikwa ukutani ofisini, na mwalimu mmoja akasema kwa utani, "Eh, hata wa Mwalimu Wafula!" Ni hayo tu. Ni utani wa sekunde mbili, na nikasikia shule nzima ya Webuye ikicheka tena.

Nikachukua penseli, nikaandika jina lako chini ya orodha.

Ndiema aliniita. Alifunga mlango, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Mwalimu, huyu mtoto amezika mama mwaka huu na bado amepita. Unataka nini ingine?"

"Nataka akomae."

"Ni yeye hajakomaa ama ni wewe unaona haya?"

Nilimwambia, "Mwalimu, huyu ni wangu." Akaniangalia, akasema, "Na hao wengine wote tumeandika hapa ni wa nani?" Badala ya jibu nilimkumbusha kwamba mwaka unaofuata mtaala mpya ungeingia darasa la nne, na kwamba wewe ungeanza upya na wenzako wote wakiwa sawa, hakuna atakayejua. Nilijiona mwerevu sana kwa hoja hiyo. Aliandika alichoandika, lakini hakunishika mkono nilipotoka.

Jioni nilikuambia, "Mwalimu mkuu amesema alama hazikutosha." Hukulia. Uliuliza kama Chebet pia atabaki, nikasema hapana. Ukasema, "Sawa." Nimesikia vilio vingi katika kazi hii, lakini sijasikia kitu kilichoniuma kama ile "sawa" yako.

Kisha nikakaa kimya, na huo ukimya ndio kosa kubwa kuliko penseli. Unakumbuka siku ile tulipokutana na Ndiema karibu na posho mill ya kusagia mahindi, ukampita bila salamu? Nilikukemea pale pale barabarani kwa kukosa adabu. Nikakulazimisha urudi umwamkie. Yeye akasema, "Wacha mtoto, Mwalimu. Ako na haki." Alijua unamchukia kwa ajili yangu, akabeba. Amestaafu akiwa amebeba. Mzee wa watu hakuwahi kunidai ukweli, na mimi nikachukulia uungwana wake kuwa ruhusa.

Mchuma janga hula na wa kwao. Ulirudia darasa, na mwezi wa tatu korona ikafunga shule. Chebet na wenzake wakawa wa mwisho wa mtaala wa zamani, wewe ukawa wa kwanza wa mtaala mpya. Mpaka wa mfumo mzima wa elimu ya nchi ulipita katikati ya dawati lenu, na mimi ndiye niliyekusukuma ng'ambo ya pili. Kila mlichofanya kilikuwa kipya hata kwetu sisi tuliowafundisha. Tuliwaambia wazazi wawapige watoto picha wakifanya mradi nyumbani, watume kwa simu. Nusu ya wazazi wana kabambe, simu isiyo na kamera. Watoto wao tuliwaandikia kwamba hawajafikia matarajio. Tuliandika hivyo bila aibu, na kwa kalamu ya wino.

Mlipofika gredi ya saba mkabaki kwenye shule ile ile ya msingi, mkapewa mwalimu mmoja wa sayansi kwa madarasa yote. Siku moja nilipita dirishani kwenu. Alikuwa amechora ubaoni kifaa cha kuchemshia, ninyi mkawa mnachora mchoro wake. Mwezi huo huo nilitumwa kwa semina katika shule moja pale Kitale mjini. Maabara yao ina mfereji wa gesi kwenye kila meza. Nilifungua mmoja, nikausikia ukipumua, nikaufunga haraka kama mwizi. Nikakaa kwenye kile kiti kirefu nikikuwaza wewe na ule mchoro. Mwisho wa gredi ya tisa mlipimwa na wale watoto kwa karatasi moja. Kila kiongozi anayesimama anasema watoto wote wana nafasi sawa, na sisi tunapiga makofi. Mimi mwenyewe nimepiga.

Ilipotoka orodha ya shule, ukapangiwa huko Kabuchai, Bungoma, katikati ya mashamba ya miwa, shule ambayo haikuwa ya kwanza wala ya pili kwenye fomu yako. Shangazi yako akaniandama: "Si uko na mtu ofisi ya elimu, bana? Mpigie! Wenye wamejua kupiga simu watoto wao wamehamishwa." Nilishika simu. Nililitafuta jina, nikalipata, nikakaa nikiliangalia. Nafasi ambayo ningekutafutia ingetoka kwa mtoto wa mtu, na mimi nimekwisha kuchukua nafasi za watoto wa watu kwa miaka mingi. Sikupiga. Sijui kama nilitenda haki, au niliamua kujitakasa na wewe ukalipia mara ya pili. Siku moja utaniambia.

Kuna mtu aliyenifumbua macho, na unamjua: Sellah, anayeuza mboga pale stendi ya Kwanza. Usichojua ni kwamba nilimwandika kwenye ile orodha mara mbili, darasa la sita na la saba. Mara ya tatu hakungoja kuandikwa, hakurudi shuleni. Mwaka juzi alimleta mtoto wake gredi ya kwanza. Alisimama mbele yangu akitabasamu, amemshika msichana wake mkono.

"Mwarimu, huyu ndiye wangu wa kwanza. Akikosea, mchape. Akikosa kitabu, nipigie nitakuja. Lakini naomba tu kitu moja. Usimbakishe."

Hakuwa na hasira. Ningejua la kufanya na hasira. Aliomba, kama mtu anavyoomba mvua. Nikamwambia siku hizi hatubakishi. Akasema, "Asante, Mwarimu," na kabla hajaondoka akanipa fungu la mboga ya sagaa. Tulilila wewe na mimi jioni hiyo, ukasifu jinsi nilivyoipika. Nilitaka kukuambia wakati huo. Uliomba uongezewe, nikakuongeza, na nafasi ikapita.

Mimi si mjinga, mama. Najua kwamba kukuambia leo, siku moja kabla hujaondoka, kunaweza kuonekana kama mtu anayetupa mzigo mlangoni na kukimbia. Lakini nimekutazama miaka hii. Pampu ya kunyunyizia dawa ilipomshinda fundi wa sokoni, uliifungua hapa kwenye gunia, ukapanga vipande vyake kimoja kimoja, ukakuta mpira uliokuwa umepasuka, ukakata mwingine kutoka kwa tairi ya baiskeli. Ikafanya kazi. Nilikusifu, ukasema, "Ni bahati tu, baba." Mahindi ya kule chini yalipogeuka manjano wewe ndiye uliyeniambia kwamba maji yanasimama pale, tuchimbe mtaro. Tukachimba. Ukasema tena ni bahati. Mtu aliyepita mtihani mwaka aliozika mama yake hana bahati kiasi hicho. Ana akili. Nilipaswa kukuambia neno hilo ukiwa na miaka kumi.

Mengine ninayoweza kukushauri ni machache, na nimeyapata kwa kuchelewa. Mtu akikuambia wewe ni wa ngapi, muulize kama anajua mwaka wako ulikuwaje. Ukikutana na msichana bwenini ambaye hajawahi kugusa kompyuta, kaa naye. Ukikutana na aliyeizoea tangu chekechea, usimwogope. Hakuchagua pa kuzaliwa, kama wewe. Na ukikosea mtu, mwambie mapema. Usingoje hadi awe anafunga sanduku.

Nitakuwa mpweke, sikufichi. Nilikuwa nimejipanga nikuambie nitakuwa sawa, nina kazi, nina majirani. Lakini kuanzia kesho nitasonga ugali wa mtu mmoja, na sijui hata kipimo chake. Tangu mama yako atutoke, kila jioni nimekuwa na sauti moja ndani ya nyumba hii inayoniuliza jambo. Saa nyingine nafikiri nilinyamaza miaka sita kwa sababu niliogopa sauti hiyo ikijua ukweli itaacha kuniuliza. Si sababu nzuri. Ni ile iliyopo.

Nitakwenda kwa Ndiema wiki hii. Hilo ni deni langu, wewe huna haja ya kulifikiria. Ukitaka kumwandikia siku moja, atafurahi.

Sasa nikuambie nilivyokuwa nimepanga. Nilipanga kuitia barua hii chini kabisa ya sanduku lako, chini ya shuka, uikute Kabuchai siku ya pili au ya tatu. Ungeisoma miongoni mwa wageni, ungelia peke yako chooni, au ungekasirika na huna wa kumkasirikia. Nami ningekuwa huku, nikingoja muhula uishe hasira ipoe. Nimefika mwisho wa karatasi ndipo nikaona kwamba ni orodha ile ile ya penseli. Nilitaka tena nikuamulie mambo bila kuuona uso wako.

Basi sitaitia sandukuni. Ukiingia nitakupa mkononi. Nitamwomba shangazi yako akae nje kidogo. Atanuna, lakini atakaa. Wewe keti hapa mezani usome, nami nitaketi mbele yako, sitatoka. Ukimaliza, sema lolote. Ukitaka kupiga kelele, piga, majirani watazoea. Na ukikosa la kusema, nyamaza, mama, lakini nyamaza nikiwa hapa.

Baba yako,
Wafula